Saumu, Kimya na Mlezi

Bubu alikufa tena alasiri ile, na Zawena Mnkande akasimama mbele ya kioo akimtazama bila chembe ya huruma.

Hakuwa mtu. Mabubu wa maabara ya kampuni ya Tuliza walikuwa masanamu ya jeli yenye moyo, ini na damu ya kutengeneza, na sukari yao ilipanda na kushuka kama ya binadamu mwenye kisukari. Wafanyakazi waliwaita mabubu kwa sababu walifanyiwa kila kitu na hawakujibu neno. Huyu wa leo alitoka jasho, akatetemeka, akalegea, mpaka mstari wa moyo ukalala. Kiunoni mwake kifaa kidogo kama kiberiti kiliendelea kuandika, herufi zake ziking'aa kupitia ngozi ya bandia, utadhani karani asiye na habari kwamba ofisi imeungua.

*Swali limepelekwa kwa mlezi. Swali limerudishwa kwa mwenyewe. Swali limepelekwa kwa mlezi.*

"Endelea," Zawena akakiambia. "Endelea kupiga danadana, mwanaharamu wewe."

Alikuwa amefunga, na alijua mfungaji anatakiwa auchunge ulimi wake. Lakini tangu Ijumaa hasira ilikuwa imemkaba, na mtu aliyekabwa hachagui maneno. Ijumaa ndiyo siku waliyomzika shangazi yake, Bi Mwanasiti, mwanamke aliyemlea tangu hajaota meno. Walimkuta juu ya msala, amejikunja, amepoa, na Tuliza yake kiunoni ikiwa nzima. Ripoti ya kampuni ilitoka haraka kuliko maiti ilivyooshwa: kifaa kilifanya kazi kama kilivyoagizwa.

Na kweli kilifanya kazi kama kilivyoagizwa. Hapo ndipo palipomtia wazimu.

Hizo zilikuwa zama ambazo hakuna mtu aliyekubali kuuziwa kitu kama kilivyo. Kuanzia mlango wa nyumba hadi ini la kupandikiza, kila mtu alichagua chake. Tuliza, iliyowekwa chini ya ngozi kupima sukari na kumwaga dawa, ilikuwa na swichi zaidi ya mia mbili: ya mjamzito, ya mwanariadha, ya dereva wa masafa marefu, ya mlevi asiyependa kuulizwa maswali. Kila swichi peke yake ilikuwa na adabu zake. Matata huanza zinapokutana, kama mawifi katika nyumba moja. Kuijaribu michanganyiko yote hakukuwezekana. Vitukuu wako wangezeekea kwenye maabara hiyo hiyo. Kwa hiyo walizijaribu swichi mbili mbili, na michanganyiko waliyoona haiwezi kutokea maishani waliifungia nje isijaribiwe kabisa. Hiyo waliiita miiko. Swichi ya mjamzito na swichi ya tezi dume ulikuwa mwiko, na hapo nani angebisha.

Saumu na Mlezi nao ulikuwa mwiko. Huo uliwekwa na Daktari Nassor Bwanakheri, mkuu wa majaribio, mtu aliyevitafuna vitabu vya dini na vya uhandisi kwa meno yale yale. Hoja yake ilikuwa fupi. Mgonjwa aliyefikia hatua ya kuwekewa mlezi wa kumwangalia sukari yake, dini imempa ruhusa asifunge. Basi hafungi. Kwa nini kompyuta zipoteze muda kumjaribu mtu asiyekuwepo? Kikao kizima kiliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza ni bibi gani wa mjini Tanga aliyewahi kuitumia ruhusa hiyo.

Bi Mwanasiti hakuitumia. Aliwasha Saumu, ambayo kabla ya kummwagia mtu sukari ya dharura humwuliza kwanza mwenyewe, maana sukari ikiingia, kwa wateja wengi saumu imefunguka. Aliwasha Kimya alipokaa eda, ili kifaa kisimpayukie mbele ya wageni, na eda ilipokwisha akaiacha hivyo hivyo. Swichi hiyo huchukua kila swali la kifaa na kulipeleka kwenye simu ya mlezi badala ya kulitamka. Na Mlezi aliiwasha Zawena mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mapenzi. Mlezi nayo ina heshima yake: swali la ibada si la mlezi kujibu, wala haonyeshwi, hurudishwa kwa mwenyewe. Ndivyo mwanamke alivyokata roho kwenye msala huku swali la kumwokoa likizunguka baina ya watu wawili wasiolisikia. Herufi zilikuwa zinang'aa kiunoni, naam, lakini sukari ikishuka, akili ndiyo ya kwanza kuaga. Simu ya Zawena wakati huo ilikuwa mezani, imenyamaza.

Zawena alimfunika bubu kwa shuka, akapanda ghorofani.

*

Daktari Nassor alikuwa peke yake ofisini, kola imefunguliwa, leso mkononi. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma na bado shingo yake iling'aa jasho.

"Nimeua mabubu watatu," Zawena alisema bila salamu. "Wote kwa njia moja. Saumu, Kimya na Mlezi, zikiwaka pamoja."

"Kwa mchanganyiko ulio mwiko."

"Mwiko wako."

"Mwiko wa sheria, binti. Mgonjwa ana ruhusa. Anayeikataa ruhusa ya Mola wake ni mkaidi, na hii si kampuni ya kutengeneza vifaa vya wakaidi."

"Kama ni mwiko, mbona kifaa hakikatai? Mmezuia sisi tusiujaribu. Hamkuzuia watu wasiuwashe."

Nassor alifuta shingo. Macho yake yalikuwa mekundu na yalimtafuta Zawena kana kwamba yuko mbali. "Nitaandika kwa Mamlaka. Watatoa kibali cha kurekebisha. Wiki moja, mbili."

"Watu wamefunga leo. Saa hizi ndizo saa za sukari kushuka. Mpaka magharibi hujui nani atakuwa juu ya msala wake kama alivyokuwa shangazi yangu."

"Mungu amrehemu."

"Usimtaje."

Zawena aliuona mtambo wa kufuli ya dharura ukutani nyuma ya kiti chake, sahani mbili za kioo kwa vidole gumba viwili. Kufuli hiyo iliweza kuzima swichi yoyote, katika kila Tuliza nchini, kwa mkupuo. Ilitaka kidole cha mpimaji, kama Zawena, na kidole cha mkuu wake. Kujua nani amewasha nini haikuweza. Sheria ya faragha ilikataza mtu yeyote kujua nani anafunga na nani hafungi, na hiyo ni sheria ambayo Zawena mwenyewe aliwahi kuipigia makofi.

"Tuzime moja kati ya hizo tatu," akasema. "Mduara utakatika. Sasa hivi, kisha tutangaze."

"Ipi?" Nassor aliegemea mbele, na ghafla alikuwa na makali yake yote. "Chagua, tukuone. Ukizima Saumu, umewafungulia watu saumu zao bila kuwauliza. Kifaa cha wenzetu kilifanya hivyo mwaka ule, na watu wakajipasua viuno kwa visu vya jikoni kukitoa. Wewe hukuwa umeajiriwa. Mimi niliwaona. Ukizima Mlezi, kuna watoto kwenye mabweni na vizee wanaoishi peke yao, hawana mwingine wa kuwasikia. Haya, sema."

"Kimya. Kifaa kiseme kwa sauti."

Nassor akacheka, kicheko kibaya. "Unawajua waliojificha ndani ya Kimya? Mlinzi ambaye mkataba haumruhusu kuugua. Mwali ambaye wakwe hawajui. Unataka kuwavua nguo wote hao, mchana kweupe, kwa ajili ya wakaidi wachache."

"Kuvuliwa nguo si kufa."

"Nani kakwambia?"

Hoja hiyo ilimwingia Zawena, na ilimchukiza kwamba ilimwingia. Alikuwa na bubu chini ya shuka na kaburi lenye udongo mbichi, na alivitupa mezani vyote viwili kwa sauti ambayo ilisikika mpaka korido.

"Unaficha jina lako! Mwiko ni wako, na ukizima swichi yoyote leo, kila mtu atauliza kwa nini, na watafika kwako. Ndiyo habari yote. Hao walinzi na wanawali umewakumbuka lini?"

"Toka."

"Weka kidole kwanza."

"Kidole changu hukipati, leo wala kesho." Ulimi wake ulikuwa mzito. Aligonga meza, kalamu ikaruka, ikabiringika chini. "Mmezoea kulia lia. Kila anayekufa mnataka mtu wa kumning'iniza. Shangazi yako alijua hukumu, akaivunja, akafa. Nimwombee, nitamwombea. Toka nje, Rukia."

Zawena alikwisha kuinua mkono kumwonyesha kidole, akasita. "Rukia ni nani?"

Nassor aliinama kuokota kalamu, na hakuinuka.

*

Kwanza Zawena alidhani ni maigizo. Kisha alimwona anavyopumua, mdomo wazi, shavu limeegemea ukingo wa meza, na jasho likimchuruzika mpaka kwenye ndevu. Alimvuta bega, na mtu mzima yule akamwangukia kama gunia. Mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa. Zawena aliwaona wengi wa namna hiyo, nyuma ya kioo, chini katika maabara.

Alimfungua shati.

Kiunoni, chini ya ngozi ya Daktari Nassor Bwanakheri, herufi zilikuwa zinang'aa.

*Umefunga. Sukari imeshuka sana. Nikuokoe? Weka kidole.* Kisha: *Swali limepelekwa kwa mlezi.* Kisha: *Swali limerudishwa kwa mwenyewe.* Kisha tena kwa mlezi.

Kumbe naye alikuwa mmoja wa wale watu wasiokuwepo. Mgonjwa, tena wa siri. Ana mlezi, Rukia, labda binti yake, ambaye saa hiyo simu yake imelala mezani kama ilivyolala ya Zawena. Na amefunga. Aliandika kwa kalamu yake kwamba mtu wa namna hii hafungi, akaenda nyumbani akala daku.

Zawena angeweza kumcheka, na kwa kweli kicheko kilimpanda mpaka kooni. Kilipofika hapo kiligeuka kitu kingine.

Kumwokoa kulikuwa kazi ndogo. Achukue kidole gumba cha kulia cha mgonjwa, akiweke kiunoni pake, kifaa kidhani mwenyewe amekubali, sukari imwagike. Lingekuwa jibu la kughushi, juu ya ibada ya mtu ambaye dakika chache zilizopita alikuwa anamfukuza. Lakini angeishi. Na angeamka upesi, maana dawa ile humrudisha mtu kabla hujamaliza kumpepea.

Na akiamka atachukua kidole chake.

Alitazama ukuta. Kufuli ya dharura ilitengenezwa iwe nzito kwa makusudi. Vidole viwili vya watu wawili, vyenye damu inayotembea, vikae pale mpaka duara jekundu lijae kijani polepole, ili mwenye hasira apate nafasi ya kujirudi. Wafanyakazi waliuita muda huo toba. Toba ilikuwa ndefu kuliko dawa. Akianza na dawa, Nassor angefumbua macho duara likiwa halijafika nusu, na angekuwa na kila haki ya kuuvuta mkono wake. Akianza na kufuli, mtu huyu angelala hapo na sukari yake ikizidi kushuka, na Zawena alijua vizuri mno mstari wa moyo unavyolala.

Alifikiri kuita watu. Wangekuja mbio, na kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote mwenye utu angefanya ni kumwamsha.

Akaenda akafunga mlango kwa ufunguo.

Kiti kilikuwa na magurudumu. Alikisukuma mpaka ukutani pamoja na mwili uliokuwa juu yake, akachagua swichi, Kimya, akakandamiza kidole cha Nassor kwenye sahani moja na chake kwenye nyingine. Duara likaanza. Likatambaa kama mtu anayekwenda kushtakiwa.

Alijiambia ni kwa ajili ya watu. Vizee kwenye misala, wanaume wakaidi ofisini, wote wale wasiojaribiwa kwa sababu hawakutakiwa kuwepo. Ilikuwa kweli, na aliirudia. Lakini chini ya kweli hiyo alisikia nyingine, ndogo, ikisema Ijumaa, Ijumaa, na hakuweza kuapa ni ipi iliyokuwa imemshika mkono. Alimchukia mtu huyu. Alimchukia huku ameukumbatia mgongo wake ili asianguke, na jasho la baridi likimpenya nguo. Pumzi za Nassor zilianza kukoroma, kisha zikawa na mapengo. Pengo moja lilikuwa refu kiasi kwamba Zawena aliondoa mkono wake nusu ya unywele, na duara likatikisika, na akaurudisha.

"Pumua," akamwambia sikioni. "Pumua, mzee mpumbavu wewe, pumua."

Akapumua. Duara likajaa.

Sauti ilitoka kiunoni mwa Nassor, ya mwanamke, laini, ile ambayo kampuni iliichagua baada ya vikao vingi. "Swichi ya Kimya imezimwa. Umefunga, na sukari yako imeshuka sana. Nikuokoe? Weka kidole."

Zawena alikivuta kile kidole gumba kutoka ukutani mpaka kiunoni kwa kasi iliyomtegua mgonjwa kifundo cha mkono. Kifaa kikashukuru. Kikamwaga.

*

Sauti ile ile ilikuwa inatoka kila mahali. Koridoni mtu alikuwa anakimbia na kiuno chake kikimtangaza. Uwanjani chini ya dirisha, Makame, mlinzi wa geti, alisimama kati ya watu waliokuwa wanatoka kazini, ameziba ubavu kwa mikono miwili kama aliyechomwa kisu. "Swichi ya Kimya imezimwa," ubavu ukasema. "Sukari yako iko sawa." Iko sawa. Hakuwa na shida yoyote Makame, ila sasa msimamizi wake alikuwa anamtazama, na mkataba wa walinzi kila mtu aliujua. Alivua kofia yake taratibu bila kuambiwa. Zawena alimtazama mpaka mwisho, kwa sababu aliona hana haki ya kugeuka.

Mbali zaidi, upande wa mtaani, mwanamke alikuwa anapiga kelele za kuomba maji ya sukari, haraka, mama ameanguka. Kwa hiyo mmoja alikuwepo. Mmoja amesikika.

Nassor akakohoa.

Alifumbua macho akayazungusha dari nzima kabla ya kushuka. Uso wake ulirudiwa na rangi kidogo kidogo, na pamoja na rangi akili. Zawena aliyekuwa amepiga magoti kando ya kiti alimwona akikusanya mambo moja moja, kama mhandisi. Shati lililofunguliwa. Ladha ya dawa mdomoni. Kiti kilichohama kutoka mezani mpaka ukutani. Sauti za viuno koridoni. Mlango, na ufunguo uliozungushwa ndani yake. Mwisho duara la kufuli, kijani tupu.

Simu yake ilikuwa inalia mezani, jina la Rukia limeandikwa juu yake. Hakuinyooshea mkono.

"Umenifungulia saumu yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Sikukuruhusu."

"Hukuniruhusu."

Alimeza mate. Zawena alingoja matusi, polisi, laana. Alikuwa tayari kwa vyote na angevijibu vyote. Havikuja. Nassor alikuwa anatazama kufuli, kisha kiuno chake, kisha kufuli tena. Yeye ndiye aliyeamuru toba iwe ndefu. Yeye ndiye aliyepima dawa ile inamwamsha bubu baada ya muda gani.

"Zawena." Sauti ilikuwa ndogo, haina ugomvi tena, na hiyo ilimtisha kuliko kelele zote. "Kidole changu ulikipeleka wapi kwanza?"

Angeweza kusema lolote. Hapakuwa na mwingine chumbani.

"Kwenye kufuli," alisema.

Nassor alikivuta kidole chake polepole kutoka mkononi mwa Zawena, aliyekuwa bado amekishika.